Neno Ambalo Mkaguzi Hakulijua

Saa nne, chai ilipoletwa katika ofisi moja ya Parklands, Bi Rumaisa aliingia, akavua viatu mlangoni na kuketi kando ya mhandisi Nthenya. Alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Muigai, meneja, alimwongezea sukari akamuuliza kama lifti ilikuwa imetengenezwa.

Kampuni hiyo iliunda pampu za kuwapimia wagonjwa dawa ya mshipani. Kompaila yao, yaani programu inayogeuza maandishi ya wahandisi kuwa amri za mashine, ilikuwa na maneno yake ya ziada. Neno moja lilikiruhusu king'ora kukatiza kazi yoyote, hata pampu ikiwa katikati ya kuandika kipimo. Programu ya ukaguzi, waliyoiita mkaguzi, haikulijua neno hilo, na ilipolikuta iligoma. Basi wahandisi wakazoea kulifuta kila walipompa mkaguzi maandishi yao asome, kisha kulirudisha kwenye mashine. Mkaguzi, maskini, aliamini kila kazi hungoja zamu yake. Ripoti ilitoka safi, na hakuna aliyekosa usingizi.

"Mwanangu," Bi Rumaisa alimwambia Nthenya, "king'ora kililia kipimo kikiwa kimeandikwa nusu. Nikapewa dawa ya watu kumi. Binti yangu Sahar analazwa Ijumaa, na atawekewa mashine hii hii. Mwonyesheni mkaguzi hilo neno."

Nthenya aliogopa sana. Si kwamba alimwogopa Bi Rumaisa, alimwogopa Muigai. Hata hivyo alimpa mkaguzi maandishi bila kulifuta neno, na mkaguzi akagoma palepale.

"Nthenya, hiyo kitu tool ya ukaguzi haiijui," Muigai alisema. "Bila report hospitali hawachukui mzigo. Toa."

"Boss, si tunajua shida iko wapi? Turekebishe tu."

"Shida gani? Report inasema hakuna. Ukiguza code ya pampu saa hii tunaanza kupima kila kitu upya."

"Na huyu mama?"

"Huyu mama hayuko kwa report."

Bi Rumaisa alikoroga chai yake. Muigai alilifuta neno mwenyewe, ripoti ikatoka bila kasoro hata moja, naye akamwonyesha mgeni kwa heshima. Bi Rumaisa aliisoma yote, akasema imeandikwa vizuri, akaondoka.

Nthenya alikuwa na hasira. Aliipigia hospitali simu, akawasihi wasimwekee Sahar pampu ile. Muuguzi alimjibu kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi, ripoti wanayo.

Jumatatu Bi Rumaisa alirudi na Sahar. Msichana alikuwa bado amevaa gauni la wodini, na alishikilia meza kwa kuwa hakuwa amezoea kuwa marehemu.

"Dada, nesi aliniambia mmekagua," alimwambia Nthenya. "Nikatulia, nikafumba macho."

Nthenya alilia waziwazi, mbele ya watu. Muigai alimsogezea Sahar kiti, kisha akapiga simu viletwe viti zaidi. Kule chini, mzigo wa pili wa pampu ulikuwa ukipakiwa.