Baada ya Isale

Bibi aliletwa Dar kutibiwa moyo, na moyo ulipokataa kutibika akaanza kudai kurudi nyumbani. Hakudai kwa ukali. Kila asubuhi nikimpelekea uji aliniuliza kama migomba yake imetiwa samadi, swali ambalo hakuna mtu Kariakoo angeweza kulijibu. Halafu anasema, "Basi nipelekeni nikaangalie mwenyewe."

Basi lisingemfaa. Miguu yake ilivimba akikaa muda mrefu, na daktari alitaka awe analala kidogo, anapumzika njiani. Ndege aliikataa yeye mwenyewe. "Mtu harudi kwake kwa kudondoka kutoka juu," alisema.

Ndipo Baba, ambaye miaka yote ya kuuza mabomba na koki Mtaa wa Msimbazi hakuwahi kumiliki hata pikipiki, akanunua gari. Lilikuwa la mtumba lakini safi, na kiti chake cha mbele kililala kama kitanda. Alilichukua kwenye yadi ya magari ya Heriel, Mchaga mwenzetu, Gerezani. Watu wa kwake ni Walutheri na sisi Wakatoliki, lakini mashamba yetu kule Marangu yananywa maji ya mfereji mmoja, na kwa Baba hiyo ilikuwa dhamana tosha. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi huku nikimsaidia dukani, na leseni ninayo. Tukakubaliana nitaendesha mimi. Krismasi Bibi atakula kwake.

Siku tuliyolijaribu, tulipofika Kimara na injini imeshapata moto, gari likanyamaza. Halikutetemeka wala kukohoa. Taa ya injini iliwaka, basi. Bibi alicheka. "Limechoka kama mimi," akasema. Tukakaa juani mpaka lilipopoa, ndipo likawaka.

Tulilirudisha yadi. Walichomeka mashine yao ya kupimia, wakaifuta ile taa, wakaliosha gari, wakaturudishia. Likazima tena. Tukarudisha, wakafuta taa, wakaosha. Ndivyo walivyofanya kazi pale: taa ikishazimika, ugonjwa umekwisha.

"Mangi," Rajabu alimwita Baba siku moja. Rajabu anauza khanga duka la pili, na Mchaga yeyote mwenye duka kwake ni Mangi. "Naona gari linang'aa. Limetoka wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi gani huyo anarudisha gari linanukia sabuni? Hilo halitengenezwi, linatawadhishwa."

Baba alicheka naye, lakini jioni hakula vizuri. Kesho yake nikalirudisha gari Gerezani peke yangu.

"Shikamoo anko."

"Marahaba mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo. Gari ndilo lina jambo."

Heriel alitabasamu. "Mashine inasoma safi, Nice. Nimeiona kwa macho yangu."

"Mashine haijakaa juani na Bibi."

Kulikuwa na mteja anazungukazunguka magari, na alikuwa amesimama kusikiliza. Heriel akashusha sauti. "Mambo ya nyumbani tunayamaliza nyumbani, mwanangu."

"Basi tuyamalize, anko. Kama hayamaliziki, nitayapeleka mbele. Sheria ya kumlinda mnunuzi ipo."

Nilisema kwa heshima, na nilikuwa namaanisha kila neno. Niliamini, na bado nataka kuamini, kwamba mtu akielezwa ukweli bila matusi atautenda.

Jumapili iliyofuata Heriel alilileta nyumbani mwenyewe. Alivaa koti, na mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Nilikuwa nimesikia habari zake tu, sijawahi kuona likiletwa. Kwetu, aliyekukosea akikuletea isale humkatalii. Hata damu iliyomwagika zamani ilizungumzwa kwa jani hilo.

Alimpa Bibi, kwa sababu ndiye mkubwa. "Mama, nimewachosha na gari langu. Mwanangu Nice alikuja kwangu na uchungu, na alikuwa na haki. Wiki hii nimelikagua mwenyewe. Naomba yaishe."

Bibi alilipokea kwa mikono miwili. "Yameisha," akasema.

Wakaulizana habari za watu wa mferejini, nani kaoa, nani kauza ng'ombe. Mimi nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha. Nilisoma miaka yote chuoni kuhusu haki, na hapa mtu amekuja mwenyewe, kwa hiari yake, na jani.

Tulipolijaribu tena tulimchukua Bibi apunge upepo. Kibaha, saa za jua kali, gari likanyamaza.

Nilitoa simu.

"Unampigia nani?" Baba aliuliza.

"Anko Heriel."

"Umwambie nini?"

"Kwamba limezima."

"Weka simu."

"Baba, atataka kujua."

"Nice, isale imepokelewa. Ukimrudia mtu na jambo lilelile, maana yake bibi yako alisema yameisha na hayajaisha. Unataka awe mwongo kwa umri huu?"

"Yeye alisamehe kosa. Hakuisamehe injini."

Nilidhani Bibi angeniunga mkono, au angenikemea. Alikuwa amelala kwenye kile kiti, macho amefumba, anahema kwa mdomo. Nilimfunika uso kwa khanga yangu jua lisimpate, nikaiweka simu.

Fundi mwingine Baba hakumtaka. Gerezani mafundi wote wanajuana, na kulipeleka gari la yadi ya Heriel kwa jirani yake kungekuwa kumtangaza. Gari la kukodi tulilitafuta, lakini Desemba ilishaingia, Wachaga wanapanda kwenda kwao kula Krismasi, na kila lenye magurudumu lilikuwa na wenyewe. Baba akapanga tuondoke alfajiri, tuwe tunapumzisha injini kila mji, hata tukifika kesho yake. Tulikuwa tunasubiri tu Bibi apate nguvu kidogo.

Hakupata. Alifariki mchana, dirisha likiwa wazi na wauza nguo wa chini wakiita wateja. Nilikuwa nimemshika mkono, namweleza tutakavyomlaza kwenye kiti na mito miwili.

Heriel alikuwa kati ya watu wa kwanza kufika msibani. Alimkumbatia Baba chini ya turubai, akakaa, akatazama huku na huku kama mtu aliyepotea njia.

"Kaka Anselmi, mama alifia hapa? Mimi nilijua mmeshampeleka."

"Gari lilizima Kibaha," Baba alisema.

"Lini?"

"Baada ya isale."

"Mbona hukuniambia?"

Baba alimwangalia. "Ningekuambiaje, Heriel?"

Nilimwona Heriel akielewa, na sikupata raha yoyote niliyodhani ningeipata. "Nilipoona mmenyamaza," alisema taratibu, "nikajua limepona. Nikawa nawasifia kwa watu. Nasema wale waungwana, wamesamehe na hawajapiga simu tena."

Akajifunika uso kwa mikono. Baba akamshika bega. Walikaa hivyo, na watu waliokuwa wakiingia walidhani wanamlilia Bibi tu.

Baadaye Heriel alinifuata akaniomba ufunguo. Safari hii hakulipeleka yadi kwake. Alilipeleka kwa fundi wa jirani, yule ambaye Baba aliogopa kumwendea. Fundi aliacha injini ingurume mpaka ikapata moto na kuzima, ndipo akagusagusa. Ilikuwa sensa, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kikipata moto kinaizima injini. Vinauzwa mtaa uleule. Gari lilirudi kabla chakula cha msibani hakijaiva, na halikuwa limeoshwa.

Tulisafiri asubuhi. Gari la jeneza lilitangulia, mimi na Baba nyuma yake, na Heriel nyuma yetu. Baba alikaa mbele, kwenye kile kiti, ameunyoosha mgongo wima.

Tulipita Chalinze. Jua lilipanda. Niliitazama ile taa kuliko nilivyoitazama barabara. Korogwe, Mombo, kila mlima nilikaza mikono kwenye usukani nikisubiri ule ukimya. Injini iliendelea kuimba, imetulia kabisa, kama haijawahi kuugua.

Tulipoikaribia Same, Baba aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Baba, nisimamishe?"

Alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Lingezima, mwanangu. Lingezima hata mara moja tu."

Nilimwelewa. Hata mimi, tangu Chalinze, nilikuwa naomba hivyohivyo. Lingezima mara moja tungesema haikuwezekana, tungesema Mungu hakupanga. Nilikanyaga mafuta ili tusiachwe na gari la jeneza, na letu likaitikia palepale, likaenda.