Filamu Iliyomwaga Pumba

Jumamosi baada ya magharibi Majidi alitundika shuka sebuleni kwake Isevya, akawasha projekta, na pumba zikaanza kumwagika kutoka kwenye picha hadi sakafuni kama kawaida.

Filamu ilikuwa yake mwenyewe, fupi, haina hadithi wala nyimbo: mkewe Zamda, kaipa kamera mgongo, anapepeta mchele wa Igunga uani. Basi. Majidi, ambaye riziki yake ni video za harusi, ambako kila shangazi huuliza mbona hakuonekana, aliiita Msafara. Aliwaeleza watu kwamba zile pumba ni wapagazi waliosahaulika kwenye njia ya Ujiji. Watu wakasema sawa, wakaenda kuangalia mpira. Naye alitaka jambo moja tu duniani: mtu, hata mmoja, aitazame mpaka mwisho.

Watazamaji waaminifu walikuwa kuku wa jirani, Mama Shilinde. Hawakukosa onyesho, na Majidi, Mungu amsamehe, alianza kuamini wana jicho la sanaa. Baadaye Mama Shilinde mwenyewe akaanza kuja na gunia tupu. Aliisifu sana kazi, akauliza kama haiwezi kurefushwa. Majidi alivimba kichwa wiki nzima. Zamda hakuwahi kuitazama. Kila ikionyeshwa, alikuwa anafagia.

Jumamosi hiyo Zamda wa kwenye shuka aliweka ungo chini, akageuka.

"Baba Fikiri, naomba maji."

Majidi alikumbuka. Siku ya kurekodi Zamda aliomba vivyo hivyo, juani, naye akampungia mkono anyamaze asimharibie picha. Baadaye sauti yake akaifuta, akaweka ya upepo. Aliona aibu. Angenyanyuka akalete maji, ila uso ule ulikuwa umepata mwanga mzuri mno.

Zamda wa sebuleni aliegemeza ufagio ukutani, akaitazama filamu kwa mara ya kwanza. Akachota maji mtungini, akakipitisha kikombe kwenye shuka. Mwenzake akanywa yote, akakirudisha.

"Pole, mwenzangu," Zamda akamwambia.

"Tumeshazoea," akajibu yule, akarudi kupepeta.

Mama Shilinde alisogeza gunia lake. Majidi machozi yalimlengalenga, kweli kabisa. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Akakimbilia kamera.

"Mama Fikiri," akasema kwa upole, "hebu rudia. Polepole kidogo, na usinizibie mwanga."

Zamda akachota kikombe kingine. Hicho akanywa mwenyewe, kisha akaendelea kufagia.