Uji Ulioachwa Mlangoni

Mimi ni MC wa harusi. Nikisema hivyo watu wananitazama kuanzia viatuni, wakifika kichwani wanauliza, "Wewe?" Ndiyo, mimi. Kidato cha nne nilipata alama ambazo mwalimu alizisoma kwa sauti ya msibani, lakini mdomo nilipewa wa daraja la kwanza. Kuanzia Mlandege hadi Kilolo wananijua. Kwa hiyo Sista Verediana aliponipigia simu na kusema anataka niigize mgonjwa kwenye mafunzo ya manesi, nilikubali kabla hajamaliza.

"Mgonjwa gani, Sista?"

"Babu yako."

Babu yangu alikuwa ameshazikwa.

Sista Verediana ni mtawa na ni nesi, Mhehe, macho makali na maneno ya polepole. Hospitali yake siitaji, maana bado tunatibiwa hapo na sindano zao nazijua. Babu alipofia kwao, Sista alianza kuulizauliza kilichotokea, na mwisho akaanzisha mafunzo: manesi wafundishwe kumhudumia mtu bila kukanyaga mila zake.

"Mama yako naye aje," akasema. "Aonyeshe alivyosimama mlangoni. Wewe uwachekeshe kidogo, wasisinzie."

Nikueleze huo mlango. Sisi ni Wanyakyusa wa Tukuyu, tulikuja Iringa kwa kazi ya baba ya malori. Kwetu mwanamke hamkaribii baba mkwe wake. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Hamsalimii, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani na kujifunika kitenge, mzee naye anakohoa na kupita huku akijifanya anatafuta kitu angani. Siku hizi wengi wamelegeza. Babu hakulegeza, na mama hakutaka alegeze.

Utotoni nilikuwa mbeba sahani wao. Mama anapika, mimi napeleka, babu anakula, halafu anauambia ukuta kwa sauti kubwa, "Anord, mpishi wa leo mpe ndaga!" Ndaga ndiyo asante yetu. Na mama kule jikoni anacheka ndani ya kitenge. Walipendana hivyo miaka yote, kwa kupitia mimi na ukuta.

Halafu babu akaja Iringa kututembelea, na baridi ya Juni ikamshika mapafu. Baba alikuwa na lori njia ya Tunduma. Mimi nilikuwa Mbeya, nachekesha harusi ya watu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa nyumbani. Alimkodia babu bajaji na jirani wa kumshikilia, yeye akafuata na bajaji nyingine. Bajaji mbili kwa mgonjwa mmoja. Mtaa mzima ulidhani tumepata hela. Jirani alimfikisha mzee kitandani, akarudi kazini kwake. Tulipofika sisi wanaume, babu alikuwa ameshafunikwa shuka.

Daktari alisema ni mapafu. Shangazi Anjela, binti yake babu, alisema vingine. "Mke wa kaka yangu alikaa nje ya wodi kama mlinzi. Baba amekufa na njaa, uji uko mlangoni."

Mama hakujibu. Hata baba alipomuuliza chumbani, hakujibu. Aliacha kupika ndizi, kile chakula cha babu, na akaacha kucheka. Kisha ukaja wakati wa kulijengea kaburi lake kwa saruji, na shangazi akapiga simu: "Njooni wote. Tusekile abaki." Tusekile ni mama yangu. Kutozwa faini tungeweza. Kuzuiwa kaburini kwa mkwe wako ni kuambiwa hukuwahi kuolewa.

Ndiyo maana mama alikubali kwenda kwenye mafunzo. Sista alimwahidi kwamba baada ya hapo hospitali yenyewe itaongea na shangazi.

Ukumbini waliweka kitanda cha wodi mbele. Nikajilaza na blanketi na kofia ya sufu, nikakohoa kikohozi cha kizee chenye kona tatu, nikamwambia muuguzi wa kiume aliyeshika kipimo, "Kijana, hicho chuma chako kina baridi kuliko Makete. Kipashe moto kwanza, au unanipima kama bado nina haya?" Wakacheka. Nesi mmoja wa mstari wa mbele, mama wa makamo mwenye ushungi mweupe, alicheka hadi akafuta machozi. Nikajiona mfalme.

"Haya," Sista akasema. "Mama Anord yuko mlangoni. Uji ameshika. Mama, uliambiwa nini?"

Mama alikuwa amesimama kizingitini, kitenge kimemfika kwenye nyusi. "Niliambiwa, ingia umlishe mgonjwa wako."

"Na wewe?"

Tulikuwa tumeshafanya mazoezi. Hapa alitakiwa kugeuka, aweke kikombe chini, aseme, "Siwezi, huyu ni mkwe wangu." Mimi nikohoe, nitazame dari, watu wacheke, Sista afundishe.

Mama akaingia.

Alitembea hadi kitandani, akapitisha mkono nyuma ya mabega yangu, akaniinua. Nilikuwa na utani tayari kwenye ulimi, wa mzee aliyeungua na uji. Nikaumeza.

"Niliingia," alisema, akiwa amenishika. "Niliambiwa kama simlishi niondoke wodini, aje ndugu mwenye huruma. Nikaona anakauka midomo. Nikaingia. Nikamshika hivi."

Muuguzi wa kiume akashusha kipimo chake. Mama akaendelea.

"Alifumbua macho, akaniona. Mimi. Uso kwa uso, mara ya kwanza toka nimeolewa. Hakunifokea. Alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akageukia ukuta, akafunga mdomo. Nesi akaja na kijiko, hakuufungua. Kijana aliyemuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili akamletea maji, hakuufungua. Nikarudi nje, uji nikauacha mlangoni. Mdomo hakuufungua tena hadi alipokata roho."

Ndipo nilipoelewa. Wakwe zake walimlaumu kwa kukataa kuingia, naye aliuvaa uongo ule kama kitenge, kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya zaidi.

Yule nesi wa ushungi alisimama. Hakuwa anacheka tena. "Jina langu Mwantumu," akasema. "Ni mimi niliyemwambia aingie." "Kwetu Pangani, mkwe ni baba. Baba mkwe wangu nilimwogesha kwa mikono hii hadi anakata roho. Nilipomwona huyu dada amejificha mlangoni, nikasema moyoni, mwanamke gani huyu. Sikumuuliza. Na yule kijana alishajitolea kumlisha mzee kabla dada hajaingia. Nikamzuia. Nikasema kila mtu na mgonjwa wake."

"Ungeniuliza tu, huyu ni nani yako," mama alisema. Hakusema kwa hasira. "Yule kijana angemlisha. Mwanaume yeyote. Uji nilikuwa naukoroga mwenyewe, ulikuwa mtamu."

Sista hakufundisha kitu zaidi siku ile. Alisema tu, "Mmesikia," akakaa.

Tulienda Tukuyu, na Nesi Mwantumu akaenda nasi kwa hiari yake. Mama alibeba kuku jike mweupe kapuni. Kwetu mwanamke akimgusa mkwe wake kwa bahati mbaya, anapeleka kuku; mzee anampokea, anakohoa, yameisha. Ndani ya basi kuku alitoa kichwa, nikamwambia Mwantumu huyu ndiye abiria pekee aliyekaa kwa adabu. Alijaribu kutabasamu.

Shangazi Anjela alimsikiliza Mwantumu uani, mikono kiunoni. Mwantumu alieleza yote, kisha akapiga magoti, mtu mzima yule, na ushungi wake kwenye udongo mwekundu. Shangazi akamwinua.

"Inuka, mama. Hukujua." Akatazama migombani, mama alikosimama na kapu. "Tusekile! Miezi yote hii nakutukana, na wewe kimya?"

"Ningesema nini, wifi?"

Shangazi alilia, kisha akajifuta kwa kiganja. "Kaburini utafika. Nimekosa kukuzuia. Lakini huyo kuku..." Akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kumpokea. Wala kaka yangu. Wa kumpokea ni baba mwenyewe."

Hakuna aliyebisha, maana ilikuwa kweli.

Siku ya kaburi mama hakusogea. Tuliimba, mchungaji akaomba, saruji ikamwagwa, na yeye alibaki migombani amejifunika, pale pale ambapo angesimama kama mzee angekuwa hai. Ruhusa alikuwa nayo. Shangazi alimwita mara mbili. Tulipomaliza, akaniita mimi kwa mkono. Alikuwa amepika ndizi, mara ya kwanza tangu msiba. Akanipa sahani.

"Mpelekee babu yako."

Nikaibeba kama nilivyoibeba utotoni, kwa mikono miwili. Nikaiweka kando ya saruji mbichi. Nikangoja pale nikiwa na mdomo wangu wa daraja la kwanza. Sauti ya babu naijua, ningeweza kuiigiza hadi mama angegeuka. "Anord, mpishi wa leo mpe ndaga!" Maneno yalifika kooni. Sikuyasema. Hayakuwa yangu kuyatoa.

Kuku tulirudi naye Iringa. Yuko kwetu Mlandege hadi leo, anataga nyuma ya jiko, na mayai yake hakuna anayeyagusa, maana kuku bado ni wa babu. Nesi Mwantumu hupita mara moja moja kumsalimia mama. Anasema siku hizi kila mgonjwa akiletwa wodini, kabla hajagusa kitu, anamuuliza aliyemleta: huyu ni nani yako? Mama humsikiliza, humkaribisha chai, halafu anatoka kwenda kummwagia kuku pumba.