Upande wa Wasichana

Waingereza waliojenga lile jengo la shule pale mtaa wa Saint-Gilles, huku ughaibuni, hawakuwaamini watoto wao hata kidogo. Mlango wa wavulana kushoto, wa wasichana kulia, na maneno yamechongwa kwenye jiwe juu ya kila mlango ili mtu asijifanye hajui. Madirisha waliyapandisha juu kuliko kichwa cha mtu mzima, mwanafunzi asione barabara. Katikati ya ukumbi wakaweka ukuta wa mbao unaosukumwa kwenye reli ya chuma, wenye kioo kimoja kidogo cha mwalimu kuchungulia pande zote mbili. Shule ilikufa zamani, parokia ikauchukua ukumbi kwa harusi na vilio. Mimi nilikuwa naimba kwaya humo, na nililipenda jengo hilo. Mpaka Jumamosi moja ya Machi 1997, tulipokwenda kumlilia mume wangu Donat.

Mdogo wake, Bertin, alinisubiri nje. Suti nyeusi, uso mkavu.

"Weye unaingia kule," akasema, akinionyesha mlango wa wasichana. "Huku ni ya famille, ya jamaa."

"Na miye niko nani, Bertin?"

"Hakuna muntu wa kwetu alipeleka ngombe kwenu. Donc, haukuolewaka. Ulikuwa unaikala naye tu."

Sikilizeni maneno hayo! Ng'ombe walikuwa wa kwao kupeleka. Wao hawakupeleka, halafu kosa ni langu.

Akaufunga ukuta. Nikakaa kwenye godoro la wafiwa, mimi na mdogo wangu Mignonne, upande mtupu kabisa. Nilipoinuka kuchungulia kwenye kile kioo niliiona picha ya Donat mezani, mishumaa pembeni, na ukoo wa Bertin umejaa viti vya mbele. Bertin akaliona jicho langu. Akavua koti lake, akalitundika kwenye kioo. Nilimchukia pale pale, na sijaacha.

Lakini hasira ilikuwa imemsahaulisha Bertin jambo ambalo kila aliyekulia Bukavu analijua. Kwetu, mgeni wa kilio hakai wala hali kabla mjane hajalia. Sauti yake ndiyo inayofungua, wengine wanaitikia.

Watu wakaanza kufika, wa mitaa ya Laeken na Ixelles, wote kwa mlango wa wavulana. Nikasikia viatu, kisha viatu vikasimama. Ule ukuta haufiki darini, kwa hiyo minong'ono ilitufikia yote.

"Mujane iko wapi?"

"Mbona hatusikie kitu?"

Mignonne akanigusa goti. "Yaya, dada yangu, lia basi."

Nikauma meno. Kilio nilikuwa nacho, lakini sikukitoa. Upande wa pili kiti hakikuvutwa, sahani haikulia.

Mwishowe Bertin akazunguka nje, akaingia kwa mlango wa wasichana, jasho usoni.

"Claudine, anza. Batu bamesimama."

"Batu ya nani? Huku hakuna famille."

"Usinipatishe haya!"

"Haya uliivua pamoja na koti."

Alinitazama kwa macho ya kupiga. "Bon. Unataka nini?"

"Fungua ukuta. Alafu useme mbele yao miye niko nani."

Akatoka. Nilidhani nimeshindwa. Kisha reli ikapiga kelele, ukuta ukakwama, wanaume wakausukuma kwa mabega, koti likaanguka. Watu wote walikuwa wamesimama, wananiangalia. Nyuma yao Donat, kwenye picha, anacheka.

Bertin akatazama sakafu. "Bibi ya kaka yangu," akasema chini chini.

"Sijasikia."

"Bibi ya kaka yangu! Alie!"

Dari lile lilijengwa kwa ajili ya sauti za walimu. Lilimfikishia kila mtu maneno hayo, mpaka waliokuwa bado mlangoni. Nikalikanyaga koti lake, nikapita mpaka kwa Donat, nikalia.