Mtu wa Kumi na Tisa

Garth Liddicoat anapenda kuwaambia watu kwamba uongozi aliusomea uwanjani. Ni kweli, na siku aliyofuzu nilikuwepo. Mwenye kutaka kunitukana asubiri nimalize.

Mwaka 1981 tulicheza fainali na Gurrack, mpira wetu wa Kiaustralia, ule wa kudaka kwa mikono na wa vipindi vinne. Sisi ni Wanbilla, mji wa jirani, ngano huku na ngano huku, na kombe tulikuwa tukilisikia tu kwa wenzetu. Nahodha alikuwa Garth. Alishakwenda Melbourne kuchezea timu kubwa, akapata mechi kumi na moja, wakamrudisha nyumbani, na tangu hapo alikuwa na njaa mbaya. Mimi, Nev Mibus, nilikuwa beki wa pembeni. Goti bovu, mdomo mkubwa.

Kipindi cha pili Garth alimpiga Lindsay Pohlner wa Gurrack kiwiko cha kichwa, refa akiwa ametazama kwingine. Lindsay alianguka kama gunia. Wakamnusisha dawa, wakamkalisha benchi, mwenzake akaingia badala yake. Ndiyo mambo ya siku zile. Ukigongwa kichwa unapewa maji na kuambiwa ukaze roho.

Kipindi cha mwisho, zimebaki dakika sita, wametuacha kwa pointi arobaini na moja. Mpira ukatoka nje mbele ya benchi la Gurrack. Watu wao wote, pamoja na kocha, walishaanza kuimba na kukumbatiana. Lindsay alikuwa kakaa peke yake mwisho wa benchi, macho yapo lakini mwenyewe hayupo. Garth akamwinamia, akamwambia taratibu, kama mama anayemwamsha mtoto: "Linzi, kocha anakuita, bwana. Rudi kwenye nafasi yako. Kimbia."

Lindsay akainuka, akakimbia. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Nilisikia kila neno na nikacheka.

Sasa, kanuni yetu haina huruma. Kila upande ni watu kumi na wanane uwanjani. Nahodha akishuku wenzake wamezidi, anamwomba refa awapange mstari awahesabu. Wakizidi hata mmoja, pointi zao zote za siku ile zinafutwa. Garth akanyoosha mkono kuomba hesabu. Gurrack walijipanga huku wakitania, mpaka refa alipofika kumi na tisa. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Lindsay, anampungia mkewe mkono.

Kombe likaja kwetu. Lindsay kwao hakuwa mtu tena. Akiingia dukani walikuwa wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi kumi na tisa, kisha wanapiga makofi. Wanawe shuleni hawakuitwa majina yao, waliitwa Kumi na Tisa, mkubwa na mdogo.

Garth akapanda. Katibu wa klabu, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, halafu rais wa ligi miaka ishirini na miwili. Alivunja klabu tatu kwa barua za ukurasa mmoja mmoja, na Gurrack ilikuwa ya kwanza. Aliwafungia vijana mechi nane kwa kumtukana refa, huku akiwahubiria heshima ya mchezo. Akapewa nishani. Mimi akanifanya katibu wake, nikakubali, maana goti lilishakwisha na nilitaka kuitwa kitu.

Mwaka huu ligi inatimiza miaka mia, na kitabu chake nakiandika mimi. Kwenye ukurasa wa fainali ile niliandika kwamba Lindsay aliingia uwanjani "kwa uamuzi wake mwenyewe". Habari zikamfikia. Jumapili moja mchana, kamati tuko kwenye pai na chai, akaingia na mkewe, Avis. Ana miaka sitini na minane na mikono inatetemeka. Madaktari wanasema ni kile kiwiko cha kichwa.

"Kombe sitaki," akasema. "Nataka muyatoe maneno hayo. Mimi niliitwa. Nilisikia sauti ikisema kocha ananiita. Miaka yote mnaniambia nimeota."

"Nani alikuita, Linzi?" Garth akauliza huku anamvutia kiti. Mpole huyo, utadhani daktari wa watoto.

"Uso siukumbuki. Ndiyo shida yangu."

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini kitabu hakiandikwi kwa sauti ya mtu asiyejulikana."

"Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa, Garth," Avis akasema. "Kiwiko chako tunakikumbuka."

"Kiwiko ni mchezo, shemeji. Mwaka wa nyuma yake mumeo aliniuma sikio."

Kamati ikacheka. Lindsay hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Nev, wewe ulikuwa karibu. Wanbilla nzima ni wewe tu uliyekuwa ukinisalimia njiani. Ulimsikia mtu akiniita? Niambie tu ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, nitakufa zangu vizuri."

Garth hata hakunitazama. Alikuwa anapuliza chai yake. Ukutani nyuma yake ipo picha yetu ya siku ile, mimi nimeshika kombe kwa mkono mmoja, na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kushinda tangu nizaliwe. Nilijichukia, ndiyo, lakini si kiasi cha kufungua mdomo.

"Hapana, Linzi," nikasema. "Sikusikia mtu."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anirushie kiti. Yeye akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia.

"Basi ni mimi," akasema. "Afadhali nimejua. Avis, na mzee kocha nilikataa kwenda kumzika. Alinishika mkono hospitali akaniapia hakuniita, nikamwambia ni mwongo."

Akamwomba Garth radhi kwa kutupotezea muda. Garth akamkumbatia, akamwambia yamekwisha, sisi sote ni familia moja. Kisha Lindsay akazunguka meza, akaja hadi kwangu na kuninyooshea mkono.

"Asante kwa kunambia kweli."

Avis alikuwa mlangoni, kashika koti lake. Alinitazama mimi, si Garth.

"Mpe mkono, Nev," akasema. "Mbona unauficha?"

Nikampa. Wake ulikuwa unatetemeka sana, nikaushika kwa mikono yangu yote miwili mpaka ukatulia.