Cheti Kilichotolewa Mwezi wa Tatu

"Cheti chako kipo, mama," karani alisema bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Kilitolewa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu."

Bi Sindano alidhani amesikia vibaya. Miaka tisa alikuwa ugenini akishona mapazia kiwandani, lakini lugha ya wenyeji ilikuwa bado inamponyoka kila anapopata wasiwasi. Akamwomba arudie. Karani akarudia polepole, kama anayemsemesha mtoto. Cheti cha utambulisho cha mtandaoni, kile ambacho siku hizi mgeni hawezi kuongeza muda wa kibali chake cha kuishi bila kuwa nacho, kilikuwa kimeshatolewa kwa jina lake. Tena kilikuwa kinatumika.

"Kinatumika na nani? Mimi ndio kwanza naingia mlango huu."

Hapo karani akamtazama. Yalikuwa macho ya mtu anayejiuliza anadanganywa nini. Akamwambia arudi Alhamisi, faili likishatolewa masijala.

Alitoka na mtu mmoja tu kichwani. Nyuma ya posta palikuwa na kibanda cha kutoa kopi cha mtu wa kwao, aliyewajazia wageni fomu mpaka wakamwita Mtaalamu. Mwezi wa pili alikuwa amemtolea Bi Sindano kopi ya pasipoti.

"Pasipoti yangu umemuuzia nani?" Bi Sindano aliuliza kabla ya salamu. Wateja watatu walikuwa kwenye foleni.

Mtaalamu akaweka stepla chini. "Hata hujambo hakuna, dada? Kulikoni?"

"Usiniite dada! Umechukua cheti kwa jina langu. Mwizi mkubwa wewe!"

Mteja wa mbele akakusanya karatasi zake kimyakimya, akaondoka. Mtaalamu alimsindikiza kwa macho, kisha akasema, "Cheti kile hakitolewi kwa kopi. Mtu anafika mwenyewe na pasipoti halisi, anapigwa picha palepale. Kopi yangu ni ya kufungia karanga. Pasipoti yenyewe niliishika dakika mbili, na wewe umesimama hapo ulipo. Jiulize nani anajua unakoiweka. Kikulacho ki nguoni mwako."

Bi Sindano alimsonya, akaenda zake. Lakini maneno yale hayakubaki kibandani. Yalipanda naye ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

Aliishi na mdogo wake, tumbo moja, aliyekuja kumtembelea mwaka uliopita na viza yake ikaisha bila yeye kuondoka. Isipokuwa Jumanne, mdogo mtu alikaa ndani siku nzima akimsaidia kupiga pindo mapazia ya kiwandani. Bi Sindano alifunga mlango wa chumba, akavuta sanduku la vifungo kutoka chini ya kitanda. Pasipoti ilikuwamo ndani ya mfuko wake, na mpira umezungushwa mara mbili. Yeye huzungusha mara tatu.

Wakati wa kula hakuondoa macho kwa mdogo wake.

"Jumanne huwa unakwenda wapi?"

"Kununua nyuzi, dada."

"Nyuzi zinauzwa Jumanne tu?"

"Dada, leo una nini?" Mdogo mtu akacheka, lakini simu yake akaivuta karibu na sahani.

Siku mbili zile Bi Sindano hakuwa na raha. Mwenzake akiingia kuoga, yeye anapekua mkoba. Hakupata pesa wala barua, ila kichupa kidogo kilichobanduliwa karatasi yake. Alikinusa, hakikunuka kitu, na jambo hilo likamtia hofu zaidi. Labda mkopo umechukuliwa kwa jina lake. Labda kuna mwanamume. Labda kuna biashara chafu, na siku ya kukamatwa atakamatwa yeye.

Alhamisi karani aligeuza skrini.

"Huyu ni wewe?"

Mwanamke pichani alivaa koti lake la kahawia, nywele amezifunga anavyozifunga yeye, na paji la uso lilikuwa lilelile walilorithi kwa mama yao. Ni mdogo wake. Akikana, ni polisi moja kwa moja, na mdogo mtu hana kibali.

"Ni mimi," alisema. "Nilisahau."

"Mtu anasahau kitu kama hiki?"

"Kazi nyingi."

"Hapa umekonda."

"Nilikuwa naumwa."

Karani alimtazama, akatazama picha, akamtazama tena. Mwishowe akamchapishia namba ya kufungulia ukurasa unaoonyesha cheti kimetumika wapi. "Mara ya pili nitaita mtu mwingine akuulize," alisema.

Kwenye benchi la ukumbini Bi Sindano aliufungua ukurasa ule kwenye simu. Hapakuwa na mkopo wala biashara. Palikuwa na hospitali ya mkoa, kitengo cha macho, mara nne, zote Jumanne. Presha ya macho. Jicho la kushoto limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Na jina la mgonjwa lilikuwa lake yeye.

Alipofika nyumbani aliiweka simu juu ya kitambaa ambacho mdogo wake alikuwa akikipiga pindo.

"Tangu lini?"

Mdogo mtu hakuuliza tangu lini nini. "Tangu mwaka jana. Nilikuwa najigonga milangoni, dada, na wewe unanicheka unaniita mlevi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenirudisha nyumbani, na bila cheti nilidhani hospitali hawatanipokea. Na daktari anasema bila dawa ya matone hili la kulia nalo litafuata."

"Na mimi je? Kiwandani wakisoma haya wataniacha kwenye mashine? Umenipofusha kwenye karatasi, mdogo wangu!"

Jumapili Bi Sindano alianza kumpima kwa siri: anaweka kikombe upande wa kushoto, mwenzake anakipapasa. Alikwenda jikoni akalia mfereji ukiwa wazi.

Jumanne walikwenda hospitali wote wawili. Walimweleza afisa ustawi wa jamii ukweli. Aliwakemea vibaya, kwamba magonjwa ya watu wawili kwenye faili moja huua. Kisha akasema pale hutibiwa kila mtu, mwenye kibali na asiye nacho, akamfungulia mdogo mtu faili lake mwenyewe na kufuta maandishi yaliyokuwa kwa jina la dada yake. Kibali chenyewe akawaelekeza kwa wakili wa bure, bila kuwaahidi kitu.

Bi Sindano aliomba cheti kipya, akidai picha ya kwanza haifanani naye. Karani alimpiga picha, lakini pasipoti aliishika muda mrefu kabla ya kumrudishia.

Kwa Mtaalamu alikwenda kuomba radhi.

"Nimekusamehe, dada," alisema. "Ila yule aliyeondoka na karatasi zake hajarudi mpaka leo. Yeye nani atamwambia?"

Jumanne iliyofuata waliketi kwenye foleni ya macho. Muuguzi alitoka na faili jipya, akaita jina la mdogo mtu mwenyewe. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kwa sauti zaidi. Bi Sindano akamgusa mdogo wake begani.

"Ni wewe," akamwambia. "Inuka."