Bluu ya Chausiku

Chausiku alikuwa fundi wa batiki pale Mtoni, na bluu yake hakuna aliyeiweza. Kipimo cha dawa na muda wa kuloweka alivijua peke yake. Hata binti zake wa kuwazaa hakuwafundisha. Kwa hiyo alipotokea Lusungu, msichana wa Iringa anayesoma kemia chuo kikuu, akaomba maji yanayobaki baada ya kutia nguo rangi, Chausiku alimtazama toka utosini hadi kwenye kandambili.

"Maji machafu, mwanangu, unayataka ya nini?"

"Ya utafiti, mama. Natengeneza unga wa kuondoa rangi kwenye maji kabla hayajamwagwa mtaroni."

Akampa, maana binti alikuwa na adabu. Kila Jumanne Lusungu alikuja na chupa zake mbili, akaamkia, akajaziwa, akaenda zake. Wiki ya nne jirani akaja kunong'ona: yule binti wa chupa kaonekana akitoka kwa Talha. Naye Talha alikuwa fundi wa batiki wa mtaa wa pili, na miaka yote alikuwa akiiwinda ile bluu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Chausiku akajisemea.

Hakumfukuza. Jumanne iliyofuata alikoroga bluu ya kufulia kwenye beseni, akamjazia chupa zote mbili huku anatabasamu. Akafanya hivyo wiki tatu mfululizo.

Wiki ya tatu Lusungu alifika uso umemsinyaa.

"Mama, unga wangu umekufa. Mwanzo ulikuwa unayasafisha maji vizuri tu, sasa yanabaki bluu vilevile. Nimemwaga makopo mawili, nimetengeneza mwingine, nao umegoma. Sijui nakosea wapi."

Chausiku aliona ni maigizo. "Ulete huo unga niuone kwa macho yangu."

Ukaletwa kesho yake asubuhi: manjano iliyopauka, laini kuliko poda ya mtoto. Lusungu akaeleza kwamba ni titani, ile inayotiwa kwenye rangi nyeupe za kuta. Ukiwa mweupe, unafanya kazi kwa ile sehemu ndogo ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Yeye aliuchanganya na urea, akauchoma kwenye tanuri la maabara, naitrojeni ikaingia ndani yake. Ndipo ukageuka rangi na kuweza kutumia hata mwanga wa taa.

"Tutaona," akasema Chausiku.

Alichota maji mwenyewe, safari hii ya kweli. Lusungu akayazimua, akayagawa kwenye glasi mbili, akatia unga kote. Moja ikakaa chini ya taa ya sebuleni, mapazia yameshushwa. Nyingine Chausiku aliifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Kila nusu saa walizikoroga zote mbili, na muda wote hakuiondolea macho mikono ya binti. Hata jikoni hakwenda.

Saa tisa alasiri, unga ulipotuama, glasi ya kwenye taa ilikuwa karibu nyeupe. Ya kabatini ilikuwa imepungua rangi kidogo tu.

Lusungu akapiga makofi, kisha akaligeukia kopo la unga. "Lakini unga huu ndio uliogoma juzi!"

"Kwa Talha unafuata nini?" Chausiku akauliza.

"Maji, mama. Yake mekundu. Nalinganisha rangi. Kwani vipi?"

Chausiku akainama. "Yale ya wiki tatu hayakuwa maji yangu. Ilikuwa bluu ya kufulia. Mie nilijua unaniibia siri."

"Bluu ya kufulia ni jiwe lililosagwa, mama. Unga wangu hauwezi kula jiwe." Akaanza kukusanya vitu vyake. "Makopo mawili nimemwaga. Mazima kabisa."

Aliondoka bila kuaga. Jumanne mbili zikapita, na kila geti lilipolia Chausiku aliacha kazi akachungulia. Ya tatu Lusungu akaja. Aliamkia akiwa amesimama, kiti akakikataa.

"Kuanzia leo nitachota mwenyewe, mama. Nguo ikitoka tu."

"Chota, mwanangu."

Lusungu alichota. Akayanusa maji, akatia kidole, akayainua kwenye jua, akamtazama Chausiku usoni, kisha akayanusa tena. Chausiku alisimama kando ya pipa, mikono mitupu, akavumilia.